Meza ya Pini na Mataji ya Mama Moeroa

Mpendwa Mama Akaiti, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mmoja wa kina mama wanaoshona pamoja hapa Arorangi, na sasa tunashona tivaevae, lile tandiko la kitanda la kushonewa vitambaa vya maua, kwa arusi ya binti yangu, ina mataji kumi na mawili ya maua, yote ya mviringo, na aliyeyakata ni Mama Moeroa, kwa sababu kwetu mkataji ni mmoja na alipopitisha mkasi hapaguswi tena, ndiye aliyekata hata ile niliyopewa mimi nilipoolewa, anakunja kitambaa anakata, hachori kitu. Kikundi kimenituma nichague meza ya kuongezea cherehani yetu ili mizunguko itoke vizuri, na ziko mbili, moja ina pini kwenye mfereji, unachoma kitambaa pale kinazunguka na mshono unatoka duara kamili, nyingine ni pana tu, unaongoza kwa mikono, na dukani wanataka jibu Ijumaa kabla ya saa kumi ili meza iwahi meli.

Binamu yangu anayo ile ya pini, nikaenda kuijaribu, nikachukua taji moja kwa siri kwenye kapu la kikundi, nikalizungushia mshono, na duara lilipokamilika ndipo nikaona, Mama Akaiti, taji la Mama Moeroa limebonyea upande mmoja, macho yanamtupa maskini, nami nikawaza wakwe watakaotoka Auckland wakiitandaza mbele za watu watatucheka, basi nikashika mkasi nikalipunguza lifuate duara, nikafumua uzi, nikalirudisha.

Jumatatu Mama Moeroa akawa anapapasa taji moja moja, akafika kwenye lile akasimama. "Hili si langu. Nani amenikatia?" Mimi nina firifiri mdomoni, andazi letu la kukaanga. Mmoja akasema, "Kapu si lililala kwa Tepaeru?" Tepaeru ni mkwe wa watu, ametoka kisiwa cha Aitutaki mwaka jana tu, akaanza kulia, "Jamani, mimi hata mkasi sina!" Mama Moeroa akasema, "Jumamosi mtaniambia ni nani. Msiponiambia, mimi na mkasi basi, mtakata wenyewe." Nami nikaendelea kutafuna.

Nikiagiza meza ya pini, wote wataona mataji yalivyopinda na yule mama ataaibika, nikiagiza ile pana nahofia wakwe, na Jumamosi sijui nitaketi na uso gani. Niambie, nichague ipi?

Mwenye Mkasi, Arorangi

MAMA AKAITI ANAJIBU

Mwenye Mkasi, nianze na meza kwa sababu leo ni Ijumaa na saa kumi haikungoji. Agiza ile pana. Pini inafaa mto wa kochi. Tivaevae ya kitanda ni mzigo, mama, ukiichoma pale uzito unaoning'inia utaivuta, tundu litatanuka na duara lako litatoka yai. Niliharibu moja hivyohivyo, sisimulii ya kusikia. Chukua yenye miguu ya kupandisha na kushusha ilingane na kitako cha cherehani, na iwe na nafasi kubwa upande wa kushoto ibebe nguo. Chora umbo la kitako hicho kwenye boksi, likate, ulipeleke dukani, pasibaki mwanya wa kumeza kitambaa. Usikadirie kwa macho.

Na mataji yabaki kama alivyoyakata. Yale ni maua, si magurudumu ya baiskeli! Wakwe wakicheka, waambie walete ya kwao tuione.

Haya, sasa njoo hapa. Pole, najua mama wa bibi arusi hapati raha. Lakini binti wa watu anavishwa kosa lako nawe unatafuna firifiri? Aibu, tena aibu kubwa. Na huyo unayesema macho yanamtupa alilijua taji moja kati ya kumi na mawili kwa vidole vyake. Wewe mwenye macho mazima ulikuwa unaona nini?

Nenda kwake leo. Beba lile taji ulilolikata, beba na kitambaa kipya cha rangi ileile. Mwambie, "Ni mimi, mama," kisha unyamaze, akufokee mpaka amalize. Mwombe akate lingine. Habari ya macho itakuja baadaye, na siku hiyo utamsindikiza kliniki wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kesho kikundi kikikaa, simama kabla Tepaeru hajaulizwa neno. Ulinyamaza mbele ya wote, basi sema mbele ya wote.

Majina nimeyabadilisha, lakini kikundi kinachoshona mataji kumi na mawili hapa Arorangi ni kimoja, na gazeti limeshatoka. Yule mama haoni tena herufi ndogo, kwa hiyo kabla ya jioni kuna mtu atamsomea. Chukua gazeti lako, ukamsomee wewe.