Mkono wa Fundi Nguo kwenye Unga wa Mama

Nyumba ya kona, mlango wa nyuma,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na kile kifua chako kimetulia? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila mgongo umeanza kulalamikia cherehani.

Mama yuko vilevile. Tangu apate kiharusi, huu mwezi wa tatu, upande wa kulia hauna nguvu na sauti haijarudi. Lakini anaelewa kila kitu, na macho yake bado yanagombeza.

Uliniuliza kama bado ana kinyongo na wewe kwa kutofika kwenye mazishi ya Baba, na kama ukija atakupokea au utamzidishia maradhi. Nilimsomea barua yako, akageuza uso ukutani. Nimekaa na swali lako wiki tatu, na limeniuma.

Sasa sikiliza. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo aliniambia, "Mtafutie kitu laini awe anafinya, mkono usilale kabisa." Nikamshonea mpira wa vitambaa, akautupia uvunguni. Ndipo nikakumbuka mikate yake ya Jumamosi. Nikanunua unga na hamira, nikajitosa kukanda.

Dada, niliharibu. Mkono wa fundi nguo haujui unga. Donge lilikuwa limeumuka vizuri, nami nikalinyoosha kama kitambaa, nikalikandamiza lisiwe na mikunjo, kingo nikazikunja kama pindo la suruali. Hewa yote ikaisha. Mkate ulitoka bapa, ungeweza kuziba dirisha. Mama aliutazama, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Jumamosi iliyofuata nilimsogeza mezani, mkono wake wa kulia nikauweka ndani ya unga. Nilipobonyeza kwa nguvu alinichapa vidoleni kwa ule wa kushoto. Akanionyesha: unakusanya kingo chini ya donge, kisha unalivuta taratibu kuelekea kwako mpaka ngozi yake ikaze. Mkate wangu wa mviringo ukakaa sawa. Tukatengeneza na wake. Nikadhani tumemaliza.

Akakata kipande kingine. Akakiviringisha kwa kiganja kikawa kirefu, akakikunja katikati, akanikodolea macho mpaka nikashika upande mmoja, naye akasokota. Unajua mkate wa kusokotwa ni wa nani nyumbani kwetu. Utotoni ulikataa kabisa ule wa mviringo. Tangu tumzike Baba, miaka sita, hakuwahi kuutengeneza. Nililia mbele yake, sikuona haya.

Ulipoiva nikataka kuugawa, akanishika mkono. Leo una siku nane, umekauka, na bado hataki uondolewe mezani. Njoo, Dada. Usingoje apone.

Msalimie shemeji, na wale wapwa zangu wawili waambie mjomba anawawaza. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama.

Kuna jambo linanielemea. Zile salamu za Mama nilizokuwa nikikuandikia mwishoni mwa kila barua, miaka yote hii, nilikuwa nazitunga mwenyewe. Nisamehe. Za leo, za ule mkate wa kusokotwa, ni zake.

Wako akupendaye bila kupunguza,
Mdogo wako, fundi.