Kanga Yako Mabegani mwa Mwanamke wa Baltimore

Hounslow, London

Kwa Mama Zuhura, mke wangu wa halali, uliyeko Kikwajuni, Unguja.

Assalamu alaykum. Kalamu leo nimeishika mwenyewe. Zuhura alitaka aniandikie kama siku zote, nikamwambia haya ni ya mie na mama yako, nenda kazini. Basi ukiona herufi zimelala upande kama walevi, usiseme Haji amezeeka mkono. Mkono ni ule ule. Kalamu za huku ndizo mbovu.

Goti lako limepoa? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa na Salum umeitumia, au umempa jirani? Nakujua. Na lile bati la uani, fundi ameliziba au bado mnatega sufuria? Mie mzima wa afya, alhamdulillahi. Daktari alinipima kifua akasema nina mapafu ya kijana. Zuhura anasema daktari hakusema hivyo. Alisema, ila Zuhura alikuwa anavaa koti, hakusikia. Mjukuu wako Amina hajambo. Anaelewa kila neno ninalomwambia, kisha ananijibu Kiingereza. Nami nikifika hapo najifanya kiziwi mpaka anijibu vizuri.

Ndege zinapita juu ya paa letu tangu alfajiri, chini chini, hata vikombe vinagongana kabatini. Watu wa mtaa wanalalamika. Mie silalamiki, kila moja ikipita natoka nje natazama, nasema pengine ya namna hii ndiyo itakayomleta Mama Zuhura. Na hapo ndipo penye maneno.

Salum, huyu kijana wa mtaani kwetu hapa, karudi Ijumaa kutoka huko. Kaleta halua, kaleta karafuu, kaleta salamu za mji mzima. Zako hakuleta. Nikamwacha amalize chai.

"Na Mama Zuhura je?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Mzee Haji, mama amesema hatoki Kikwajuni."

"Serikali imemnyima ruhusa?"

"Ruhusa anayo. Tiketi aliyomtumia Zuhura anayo. Amesema..." akakizungusha kikombe mkononi.

"Sema, mwanamume mzima weye!"

"Amesema, mwambie amlete yule aliyemvisha kanga yangu."

Zuhura alikuwa jikoni, nikasikia mwiko umewekwa chini. Mie nilicheka, Mama Zuhura. Nilicheka kwa nguvu kabisa. Kisha nikatazama, nikaona ninacheka peke yangu.

Nikambana Salum aseme yote. Akaapa kwamba hakuwa na nia mbaya. Kwamba alikuwa kibarazani kwako anakupigia hadithi za nyumba yetu, nani kanenepa, nani kapata kazi uwanja wa ndege, akafika kwenye picha ya ukutani, Mzee Haji kasimama na mwanamke wa Kimarekani aliyejitanda kanga. Ukamuuliza kanga gani. Akakwambia nyeusi na nyeupe ilivyo pichani, ina makorosho makubwa na pindo la nukta. Akasema ukainuka, ukafungua kasha, ukatoa kipande chako, ukakikunjua. "Kama hii?" Naye mjinga akajibu, "Hiyo hiyo, mama!" kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu shuleni. Ukaikunja, ukaingia jikoni, na alipokuja kuaga ndipo ukampa ujumbe ule.

"Sasa kosa langu nini, mzee?" ananiuliza. "Mie nimesema nilichokiona."

"Umeona nguo, ukatuoza! Bila kadhi wala mashahidi!"

Zuhura akatoka jikoni. "Baba, usimfokee mtoto wa watu. Kila mgeni akiingia unamsimamisha mbele ya picha ile. Unamwambia, 'Unamwona huyo? Hiyo Marekani, hiyo!' Kisha unacheka kicheko kile."

"Kicheko gani?" nikamwuliza nacheka.

"Ndicho hicho, baba."

Basi nikae nikueleze mwenyewe, usikie kwangu.

Unakumbuka meli yetu ilipoharibika mashine ikatuacha Baltimore, nikapata kazi gatini. Nilipanga chumba cha juu kwa mjane mmoja, mweusi kama sisi, jina lake Misi Opal, kazi yake kufua nguo za watu na kuimba kanisani. Mzuri? Alikuwa mzuri, siwezi kukuandikia uongo. Alinizidi umri. Na wanawake wa kunitazama Marekani hawakukosekana, nilikuwa nikivaa kanzu Ijumaa na kofia uliyonishonea, mtaa wote ukisimama. Lakini kutazamwa na kutazama ni mambo mawili.

Nyumba za mtaa ule zimeshikana ukuta kwa ukuta, kila mlango una ngazi za mawe meupe, na Jumamosi wanawake wanapiga magoti kuzisugua kwa brashi mpaka ziwe nyeupe kama meno. Misi Opal zake zilikuwa nyeupe kuliko za wote. Yeye ndiye wa kwanza mtaani kuwa na televisheni. Sanduku kubwa, kioo kidogo. Siku za ngumi sebule ilijaa watu mpaka ngazini, wanaume wanarusha mikono kana kwamba wanapigana wao. Picha ikipotea, ikawa chenga tupu, wote wanapiga kelele, "Haji! Paani!" Maana nani mwingine angepanda? Mie baharia. Nikipanda juu naishika antena, naigeuza taratibu, wao chini wananiambia kulia, kushoto, hapo hapo! Wallahi bila ya mkono wangu mtaa ule usingeona ngumi hata moja. Mwenyewe nilikuwa sizioni, niko juu nimeshika chuma, lakini nilisikia makelele nikajua nani kaanguka.

Ndani ya sanduku lile Marekani ilikuwa nyingine. Wanawake weupe wamevaa lulu wanapika, friji kubwa kama mlango wa bohari, mume anarudi na kofia mkononi, watoto wameoga. Kila baada ya kitambo anatokea mtu anasifu sabuni kama vile katunga maulidi. Misi Opal anaangalia yale majiko huku mikono yake imechubuka kwa sabuni za watu, anasema, "Haji, ukionyeshwa mlango wa nyumba hii niambie." Mjini kulikuwa na sinema nzuri za mataa mengi, sisi weusi mlango wake hatukuruhusiwa kupita. Nilijaribu siku moja na kanzu yangu. Yule wa tiketi akaduwaa, akadhani mfalme wa mahali fulani, akataka kuniingiza. Nikamwuliza, na wenzangu hawa? Akasema hapana. Nikamwambia basi na mie sitaki. Tulikula karanga barabarani tukarudi nyumbani kwenye televisheni.

Sasa sikiliza. Misi Opal alikuwa na mtoto mmoja tu, Raymond, askari. Alipelekwa vita vya Korea, akakamatwa. Muda mrefu hakuna habari, hajulikani yu hai au kafa. Mama yule kila jioni habari zikianza anazima jiko, anakaa mbele ya kioo, hapumui. Habari zikiisha anainuka, anaendelea kupika. Hakulia mbele yetu hata siku moja. Mie nilikuwa na Zuhura na weye mbali, nilijua anachokitazama.

Ikaja jioni moja ya joto, joto la kule linamshinda hata mtu wa Unguja. Vita vimesimama, wanabadilishana wafungwa, habari zinasoma majina ya vijana wa mji ule waliorudishwa. Misi Opal alikuwa anajitayarisha kulala, kavaa shimizi, nywele zimejaa vibanio. Jina la Raymond likasomwa.

Alifungua mlango wa mbele, akatoka vile vile alivyo, miguu mitupu, kasimama juu ya ngazi zake nyeupe, akapiga yowe. Mtaa mzima ukafunguka milango. Wanaume, watoto, mchungaji wa kanisa lake, wote wanamtazama mwanamke kavaa shimizi. Na hakuna aliyeinua mkono! Wanampigia makofi tu.

Mama Zuhura, weye umenilea? Hukunilea, lakini mama yangu unamjua. Kwetu mwanamke akitoka nje na kilio au na furaha ya kumpoteza akili, aliye karibu anamtupia nguo, hangojwi mtu. Mie nilipanda ngazi za ndani mbili mbili. Kilichokuwa kitandani ni kanga yako, kile kipande ulichokikata kwenye doti siku ninaondoka, nikijifunika nacho kila usiku. Nikateremka nacho, nikamtupia mabegani, nikamfunga kifuani kama mnavyofunga nyie, nikasogea pembeni. Yeye akanishika mkono wangu, hakuuachia. Angemshika yeyote. Angeshika hata nguzo ya taa.

Ndipo akaja mpiga picha wa gazeti la mtaani. Ananinyooshea kidole, "Na huyu nani?"

"Mpangaji wangu," Misi Opal akamjibu. "Mwache hapo hapo alipo."

"Anatoka wapi?"

Nikajibu mwenyewe, "Zanzibar."

Yule bwana akacheka, akasema alidhani Zanzibar ni nchi ya hadithi za watoto. Nikamwambia, "Andika. Ipo, na mke wangu yuko huko, na nguo hii uliyoipiga picha ni yake." Nilisema hivyo mbele ya mtaa mzima, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa kikali. Hakuandika. Lakini nilisema.

Siku ya kumpokea Raymond stesheni, mama mtu alikataa kuvaa koti. Akavaa kanga yako juu ya gauni la kanisani. Kijana akashuka, kakonda, macho yameingia ndani, akamwona mama yake na nguo asiyoijua, na mwanamume asiyemjua. Akauliza, "Mama, huyu nani?" Angeweza kutuoza naye, kama Salum! Lakini yule mama yake alimweleza, na kijana akanikumbatia hapo hapo mbele ya watu. Mie sijazoea kukumbatiwa na askari. Nilimpigapiga mgongo.

Baadaye Misi Opal aliniomba kanga. Alisema nimwachie, nitapata nyingine kwetu. Nikamkatalia. Kwa adabu, lakini nilikataa. Nikamwambia, pacha yake imo kashani mwa mke wangu, haiwi ya mtu mwingine. Hakununa. Aliifua kwa mikono yake, akaitia wanga, akaipiga pasi, akanirudishia pamoja na ile picha. Akasema, "Mwambie mkeo nguo yake nimeivaa siku iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuishi." Nilipokuja likizo nilikuletea salamu zake, ukumbuke vizuri. Nikasema, "Mwenye nyumba wangu anakusalimu na anashukuru nguo." Ukanijibu, "Mbona imepauka?" Hukuuliza kitu kingine, ukaenda kunipikia.

Hiyo ndiyo habari yote. Sasa Zuhura ananiambia, "Baba, iteremshe picha, uishe ugomvi." Siiteremshi. Nikiiteremsha itakuwa nimekubali kwamba kuna la kuficha. Uje uione mwenyewe. Umtazame yule mwanamke usoni, utamjua, weye pia umewahi kungoja mtu. Kisha mkono wako mwenyewe uamue, kama ni kuiacha, kama ni kuitupa. Sitasema neno. Nikisema, Zuhura ashuhudie.

Miaka yote hii tangu mapinduzi, mie huku weye huko, nilikuwa nikijituliza nikisema ni mambo ya serikali. Mtu utaigombeza vipi serikali? Sasa serikali imekubali, anayekataa ni weye. Ya serikali niliyavumilia. Haya siyawezi.

Nisalimie ndugu yako Mwanakheri, umwambie sikumsahau, yeye na ulimi wake. Msalimie shemeji Kombo, fundi wa majahazi, kama bado anasema baharia si fundi, mwambie bado anakosea. Msalimie mwalimu wa chuo na jirani yako wa mlango wa kushoto aliyepewa dawa yangu ya kuchua. Zuhura anakubusu mikono. Amina naye anakusalimu, kwa Kiswahili, nimemsimamia.

Jambo moja zaidi, na hili Zuhura halijui. Kuanzia duka la Mhindi wa Mombasa mpaka wazee wa msikitini, Hounslow yote nimeshaitangazia kwamba mke wangu anakuja. Nimewaeleza biriani yako, sauti yako ya maulidi, hata unavyonitazama nikiongeza chumvi kwenye hadithi. Wananisikiliza kwa heshima, wananiita mzee wetu, wanaamini kila neno. Hainipendezi. Maringo yangu yote yalikuwa yako, uyasikie, uguse mkono wangu mbele ya watu useme, "Haji, basi." Huku hakuna wa kuniambia basi. Siku ya tiketi yako nitakuwa uwanja wa ndege tangu mapema, na kofia yako kichwani.

Mumeo,
Haji Makame