Mabati ya Nadhiri Yako

Baraka, mwezi wa tisa 2020

Kaka yangu mpendwa Henri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na wenzako wote wa Misisi. Habari za mashimo ya dhahabu? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu, na nikisema tunamshukuru usidhani ni maneno ya kufungulia barua tu.

Nianze na linalonichoma. Mabati uliyotuma kutimiza nadhiri yako, baada ya kutolewa hai kwenye shimo lililoporomoka, hayako juu ya kanisa. Yameuzwa. Tafadhali usiikunje barua, soma kwanza.

Serikali ilipofunga makanisa kwa sababu ya korona, sadaka ilikatika siku hiyo hiyo. Unajua kanisa letu linaishi kwa mnada wa baada ya ibada: mama mmoja analeta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, na anayenunua anarudisha ili kinadiwe tena. Jogoo mmoja aliweza kutulisha mwezi mzima bila kuchinjwa! Sasa kila familia ikawa inasali nyumbani kwake. Baba, mchungaji wetu, akapita nyua za watu akiwaombea kwa mbali, tumbo tupu, mikono ameificha mfukoni asije akasahau akampa mtu mkono. Unavyomjua, hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mama Pulchérie, mtunza hazina, akaita kamati nje, kila mtu na kiti chake mbali na mwenzake. Akasema zinahitajika ndoo za kunawia, sabuni, na unga wa wajane na wa mchungaji, basi tunadi mabati. Baba akakataa katakata, akasema nadhiri ya mtoto wake haiguswi. Mama Pulchérie akacheka, akamwambia: “Pasta, hakuna muntu atakula mabati. Atalipa, atarudisha. Iko vile siku zote.” Hapo Baba akalegea.

Tukanadi barabarani, barakoa usoni, tukipaza sauti kama wendawazimu. Félicité muuza samaki akanunua, akarudisha. Nicolas fundi seremala akanunua, akarudisha. Vigelegele! Kisha akanunua mfanyabiashara mmoja mgeni. Alilipa kuliko wote, akafunga mabati kwenye pikipiki, akatuaga kwa heshima, akaenda zake. Hakuna aliyekuwa amemweleza desturi yetu. Vijana walitaka kumfukuzia, lakini Mama Pulchérie akawazuia, akasema mtu amelipa na kosa ni letu. Kaka, nilicheka, kisha nikalia.

Mapato yote yalitangazwa mbele ya waumini. Tukanunua ndoo, sabuni na unga, na sehemu nyingine kamati ikaitenga kwa ajili ya mgonjwa, kama atatokea.

Sasa nikuambie tulilokuficha. Mgonjwa alitokea, naye ni Baba. Alianza na homa, kisha pumzi ikamwishia hata asiweze kumaliza sala. Hatukukupigia simu, tuliogopa ungepanda pikipiki kwa hofu kwenye barabara ile mbovu. Akiba ile ndiyo iliyolipa hospitali na hewa ya chupa. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo tungemzika. Na kwa kuwa hakuwa amemgusa mtu, hakuna mwingine aliyeugua kati ya wote aliowaombea. Namshukuru Mungu, kaka, na wewe nakushukuru hivyo hivyo.

Makanisa yamefunguliwa. Jumapili Baba alihubiri, mwembamba, ameshika fimbo, nyasi za paa zinavuja na sisi tumeketi mbalimbali tukilowa kwa furaha. Ila mwenyewe haoni raha. Alinikataza kukuandikia. Anasema mwanawe alimtolea Mungu shukrani, naye Baba akaila kwa matibabu. Nimemwambia mara nyingi kwamba si hivyo, haniamini. Njoo Noeli umwambie wewe.

Félicité na bamama wote wa kanisa wanakusalimu sana. Ubaki na amani.

Mdogo wako,
Clarisse