Picha ya Kumi na Tatu

Kilindoni, Mafia
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kabla Saumu hajafika mwisho wa neno, maana ndivyo ulivyo, salamu ya mtu huipokea tangu mlangoni. Macho yanasemaje? Ile dawa ya matone bado inakuwasha, au umeshaizoea? Na mgongo wa shemeji Bakari, umepoa au bado anapanda ngazi kwa kunung'unika? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, kazini naenda. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu.

Saumu, mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole. Ukifika mahali ukaona vibaya kuendelea, endelea tu. Usimrukie mstari hata mmoja.

Dada, nisikuzungushe. Picha ya mama imeharibika. Nimeiharibu mimi kwa mkono wangu, na nyingine hakuna.

Sasa kaa vizuri nikueleze, ingawa maelezo hayarudishi kitu. Wewe unajua jinsi mama alivyokuwa na picha. Ukimwelekezea simu anajifunika mtandio. "Nikifa niombeeni dua, msinitundike ukutani kama kalenda." Tukacheka, kumbe tungelia. Ile Idd shemeji Bakari alipomvizia uani, mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, akainua uso kumgombeza na huku anacheka, ndiyo picha yake pekee ya uzeeni. Simu yenyewe baadaye ikakanyagwa na pikipiki, ikabaki kadi ya memori, nawe ukaihifadhi kwenye kikasha chako cha wanja. Na mimi kwenye maziko sikuwahi. Boti ya kwenda Nyamisati haikuondoka siku mbili kwa sababu bahari ilichafuka, nikafika Pangani matanga yameshaanuliwa na watu wanakunja mikeka. Uso wa mama sikuuona. Sijawahi kukwambia jinsi jambo hilo linavyonila, nakwambia leo.

Uliponieleza maneno ya daktari kuhusu hiyo presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, kwamba la kushoto ndiyo basi na la kulia linafuata, mimi ndiye niliyevunjika moyo. Wewe ndiye uliyenipoza mimi. Ukasema, "Athumani, wewe si fundi wa picha huko? Nikuzie uso wa mama uwe mkubwa kama sinia, nikae nao wakati mwanga bado upo." Jambo moja tu. Tangu unilee sijakusikia ukiniomba jingine.

Nami kwa ujuaji wangu nikakukataza! Mlitaka kuazima simu ya jirani mnitumie kwa WhatsApp, nikakuambia hapana, WhatsApp inaikamua picha, inaifanya ndogo, haitafaa kukuza. Leta kadi yenyewe, nikasema, kwa mkono wa mtu. Ukaishonea kwenye pindo la kanga, ukamkabidhi yule mama muuza nguo anayeleta biashara yake huku Mafia. Kadi ikatoka Pangani hadi Tanga, Tanga hadi Dar, Nyamisati, baharini, ikafika hapa salama salimini. Ikaja kuzama mezani kwangu.

Unajua jinsi nilivyoingia kazi hii. Nilikuja na wenzangu wa dago, kambi ya wavuvi wageni, kuvua, bahari ikanikataa, nikitapika kila siku mpaka nahodha akanionea huruma akaniacha kambini nichaji simu za watu. Kutoka hapo nikaangukia steshenari ya Bi Tatu hapa Kilindoni. Nimepanga chumba Miburani, asubuhi naja kwa miguu. Kazi yetu kubwa ni kupiga picha za kuombea vyuo na kazi kwa njia ya intaneti. Na zile fomu zina madaha, dada. Picha ikiwa nzito kidogo tu zinaikataa. Kwa hiyo mimi kutwa nzima kazi yangu ni kupunguza nyuso za watu.

Programu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wizi, fundi mmoja alituwekea zamani. Siku umeme ulipokatika ghafla nayo ikafa. Bi Tatu akaniambia nitafute ya bure. Zipo, tena nzuri, lakini kuipakua tu kulinimalizia bando mara mbili, kila ikikaribia mwisho mtandao unakatika. Ilipofika ikagoma kuingia, ikasema kompyuta hii siyo yake. Nikahangaika siku mbili nzima, wateja wananisubiri, mpaka nikagundua kwamba kompyuta yetu ni ya kizamani, inataka toleo la zamani la programu hiyo hiyo. Nikapakua upya. Ikaingia. Nikaifungua, ikakwama pale pale mwanzoni, inasoma aina za maandishi haimalizi. Nikadhani imekufa. Kumbe aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anatengeneza kadi za harusi, akajaza humo maandishi ya mapambo mamia kwa mamia, na programu ilitaka kuyasoma yote ndipo ifunguke. Nikayafuta karibu yote. Ikafunguka. Dada, nilipiga kofi mezani kwa furaha, Bi Tatu akanitazama kama nimerukwa na akili.

Tatizo likabaki moja, diski imejaa. Kila nikihifadhi picha ndogo pembeni ya kubwa, kompyuta inalalamika haina nafasi. Basi nikatafuta njia ya mkato. Programu hiyo ina namna ya kupunguza picha zote zilizomo katika folda moja kwa mara moja, na ukiiruhusu, inaandika ile ndogo juu ya ile kubwa, kubwa inafutika. Nikairuhusu. Siku zote mteja akishapata yake ndogo, kubwa haina kazi. Nilijiona nimeerevuka.

Kadi yako ilipofika niliiingiza, nikanakili picha ya mama kwenye kompyuta. Nikaitazama kwa skrini nzima. Wallahi ilikuwa nzuri. Nyusi zake nyeupe, pengo la jino, na shavuni kipande cha nazi kilichorukia hapo, ambacho sikuwahi kukijua. Nikakaa nikakitazama kile kipande cha nazi. Nilijiambia nitainakili picha kwenye fleshi pia, kesho. Kesho yake nikairudisha kadi ndani, ikadai ifutwe kwanza iandaliwe upya. Sikubonyeza. Nimempa fundi wa simu hapa, amejaribu kila alichokijua, amesema imezeeka na haisomeki. Kwa hiyo mama alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye folda ya kazi za wateja niliyoiita Za Leo; nilimweka humo ili nikipata nafasi baina ya wateja niendelee kumsafisha.

Siku hiyo hiyo wakaja wanafunzi kumi na wawili wa Miburani kwa pamoja, wamebakiza siku moja kutuma maombi, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Nikawapiga picha mmoja mmoja ukutani kwenye kitambaa cha buluu, nikazitia zote Za Leo, nikaamuru zipunguzwe. Kompyuta ikafanya kazi yake. Ikaniandikia: picha kumi na tatu zimekamilika.

Nikahesabu watu waliokaa kwenye benchi. Kumi na wawili. Nikafikiri labda kuna niliyempiga mara mbili. Nikazifungua moja moja. Ya kumi na tatu alikuwa mama, ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Watu wale niliwahudumia mpaka wa mwisho. Sijui niliwahudumiaje. Walipoondoka nikamvuta mama, nikamkuza kama ulivyoniomba, kompyuta ikanitii bila ubishi, akawa mkubwa kama sinia. Lakini hakuwa mama. Vilikuwa vigae, dada, vigae vya kijivu na kahawia vimepangwa kama sakafu ya msikiti. Mimi niliifanya kazi hii miaka yote bila kuielewa. Nilidhani picha ikipunguzwa inakunjwa kama nguo, ukitaka unaikunjua. Haikunjwi. Kinachozidi kinatupwa. Nimejaribu kurudi nyuma, kulainisha, kunoa, nimesoma mabaraza ya mafundi mpaka macho yangu nayo yakauma. Wote wanasema neno moja, kama huna ile ya mwanzo, huna. Maji yamemwagika.

Sasa nakuja kwenye aibu ya pili, ambayo naiona kubwa kuliko ya kwanza. Bi Tatu si mtu mbaya, ila hupenda mambo yaishe. Aliponiona siku ya tatu sili akaniuliza, nikamweleza. Akasema, "Mpelekee hivyo hivyo. Dada'ko mwenyewe si ndo macho hayo? Atajuaje?" Nikamjibu kwa ukali ambao sikupaswa kumjibu mwajiri wangu, tena mtu mzima. Akarudi kwenye kazi zake. Lakini lile neno halikuondoka, lilikaa nami. Usiku nalilalia, asubuhi naamka nalo. Atajuaje? Saumu aliponipigia kuuliza picha imefikia wapi, nikasema wino wa printa umekwisha, tunasubiri kutoka Dar. Juma lililofuata nikasema wino umekuja lakini si wenyewe. Saumu mwanangu, wino ulikuwepo siku zote. Nisamehe. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wake.

Kilichonifikisha mwisho ni hiki. Siku ya Alhamisi niliichapa picha ile, vigae vyake hivyo hivyo, karatasi kubwa kuliko zote tulizonazo. Sikujua naichapa nikutumie na uongo wangu, au niichome. Nikaiegemeza ukutani kwenye kaunta nikawa naitazama. Akaingia bibi mmoja wa Ndagoni, ameshikwa mkono na mjukuu wake, amekuja kupigwa picha ya fomu za matibabu. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili yameingia weupe. Tukaamkiana, nikamweka kitini, nikawa natengeneza taa. Naye akageuza uso kwenye kaunta. Halafu akaniuliza, "Huyu bibi anayecheka ni wako?"

Nikamuuliza, "Bibi, yupi?"

"Huyo hapo ukutani. Mamaako, ee? Kipaji cha uso hichohicho."

Mjukuu wake akaangua kicheko, "Bibi nawe! Pale pana miraba tu." Bibi akamwambia anyamaze, asimfundishe kuona. Kisha akasema, "Anaonekana mtu wa maneno huyo. Hai bado?" Nikasema hapana. Akamwombea rehema, akageuka nimpige picha yake. Ikabidi nimpige mara tatu.

Dada, sikwambii haya ili nikutilie matumaini ya bure. Huenda yule bibi alinisikia sauti akabahatisha. Huenda wazee wote wanamwona mama yao kila mahali. Alipoondoka nilikaa mbali nikaitazama, nikakaa karibu, nikafumba jicho moja, nikayalegeza yote mawili, nikaitazama kwa machozi maana yalikuwepo. Naona vigae. Pengine mimi ndiye niliyenyimwa, na ni haki yangu, maana niliyeutupa uso wake ni mimi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba siwezi kukudanganya. Kama macho yako yatamwona, yamwone ukiwa unajua ni kitu gani umeshika. Na kama hayatamwona, ujue si macho yako yaliyoharibika zaidi, ni mimi. Hilo lilinitisha kuliko yote, kwamba ungeishika karatasi ile, uone vigae, ukadhani mwanga wako umeshakwisha.

Nimeikunja kwenye bomba la plastiki, anakuja nayo huyu huyu muuza nguo, pamoja na barua hii. Kadi pia nimeitia humo, haisomeki, lakini ni yako. Nimeandika kwa wino mwekundu upande wa juu ili msiishike kichwa chini. Saumu asiitazame kwanza. Ana macho mazuri, ataona miraba, na uso wake utakuambia kabla hujaangalia mwenyewe. Ashike tu aisimamishe karibu na mlango wa uani, mchana, wewe kaa kwenye kiti chako. Ukiwa na hasira nami, kuwa nayo. Usiponijibu mwezi mzima nitajua sababu, wala sitalalamika.

Nisalimie shemeji Bakari, mwambie picha aliyoipiga ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Nisalimie shangazi Mize, dada yake baba, na umwombe asinisute mpaka nije. Nisalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenisomesha, na jirani yetu wa kisimani. Saumu, ahsante kwa kusoma, na maji umpe mama yako sasa.

Na wewe dada, ukishaisimamisha pale mlangoni, ukamwona mama, nisalimie.

Mdogo wako uliyemlea,
Athumani