Hapana Yangu Isomwe Mbele ya Ukoo

Maskati, Ijumaa

Kaka Deus,

Kasinge waitu. Nakuamkia kwa salamu waliyopewa wakama, wafalme wetu wa zamani, maana nasikia sasa unatafuta kutawala, usije ukasema mdogo wako Advera hana adabu. U mzima? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa kuweza kufua mazulia, na huku huo ndio uzima unaoulizwa.

Unakumbuka ulivyonifundisha uraia darasa la sita pale Buganguzi? Uliandika ubaoni ufalme, udikteta, demokrasia. Nilikosa swali ukanichapa mbele ya wenzangu, ukasema demokrasia ni pale mwananchi anapoulizwa. Basi huku nasoma kwa vitendo. Nchi ina sultani, ila sijawahi kumwona na hajanikosea kitu. Anayenitawala ni mama mwenye nyumba ninayofanya kazi. Pasipoti yangu iko kabatini kwake, simu ananipa Ijumaa mchana, saa moja tu. Juzi nilivunja bilauri, akaninyima chakula siku nzima, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeridhika na adhabu. Nikajibu nimeridhika.

Ijumaa iliyopita saa yangu hiyo niliitumia kuongea na Mama. Amenieleza yote. Kwamba kura za maoni za udiwani zimekaribia, wajumbe wanataka kukirimiwa, na wewe kama omusika, mrithi wa Baba, umeamua kuuza kibanja, shamba letu la nyumbani. Kwamba mnunuzi amekwisha kuja kutoka Muleba kupima, Mama akiwa anamenya ndizi za mchana. Ukamwambia, "Mama, sogea, umekanyaga kamba." Migomba yake, kahawa yake, kaburi la mumewe, halafu anakanyaga kamba. Na tayari umemtafutia chumba cha kupanga mjini, kwa Shangazi wa Hamugembe, mama ambaye hajanunua ndizi tangu aolewe. Huna haya hata kidogo, kaka.

Babu alitusimulia kwamba zamani mkama akitamani kibanja cha mtu, alituma mjumbe, na mwenye kibanja akahama. Angalau mkama hakurudi kumwomba kura yule aliyemhamisha.

Najua ulipokwama. Ukoo wetu hauuzi kibanja mpaka kila mtoto wa marehemu atamke mwenyewe kwenye kikao, na hapana moja inatosha kuzuia. Wadogo zetu wawili wameshasema ndiyo, maana umewaahidi vibarua halmashauri. Nimebaki mimi. Walipokusimika kuwa omusika mliniweka kwenye spika ya simu, nikasema ndiyo upesi upesi, nikidhani nakupa kazi ya kumtunza Mama. Kosa lile ni langu, na huwa nalilia nikipiga deki.

Tena ukamtuma Mama mwenyewe anibembeleze. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alisema, "Mwanangu, sema ndiyo. Kaka yako akipata uongozi hatanisahau." Nikamwambia alishasahauliwa zamani, amezoea tu kutawaliwa. Akalia. Sikumtuliza, saa yangu ilikuwa imekwisha na mama mwenye nyumba ameshanyoosha mkono kudai simu.

Kikao kinakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Jumapili simu sina. Ndiyo maana nimeandika, na barua anakuja nayo dada mmoja wa Kamachumu anayerudi nyumbani.

Jibu langu ni hapana. Kibanja hakiuzwi, Mama hahami, na udiwani utafute kwa mdomo wako mtupu. Kawaambie wajumbe mwaka huu hakuna pombe ya rubisi wala nyama, uone ni wangapi watakaokumbuka jina lako. Ukishindwa nitafurahi, na sitaungama kwa padri.

Nisalimie wifi, mwambie asiponichukia nitashangaa. Shangazi wa Hamugembe mwambie chumba akipangishe watu wengine. Wale wadogo zetu wawili nawasalimu pia, wao na vibarua vyao. Mama mwambie nakula vizuri.

Na usihangaike kuificha hii. Nakala yake, yenye dole gumba langu, nimeagiza ianzie kwa Baba mdogo anayeongoza kikao, aisome mbele ya ukoo badala ya sauti yangu. Hapa unaposoma, yeye amekwisha kuisoma.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Advera