Jezi Namba Kumi na Sita

Fundu Sălciei,
Vaslui.
9 Mei 2012

Mpendwa mwanangu Tiberiu,

Mimi baba yako mdogo natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya ukoo wote wa Gavrilaș ulio hai, kwamba leo nimenunua bahasha. Ni ndogo. Kwa nini ni ndogo utaelewa huko chini.

Hujambo lakini? Goti vipi, lile la kushoto? Na joto la Saiprasi linawaachia hata usingizi? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako macho yanamsumbua, ila ulimi uko pale pale. Theluji iliyotufungia barabara wakati wa msiba wa baba yako iliyeyuka ikatuachia matope, na sasa mahindi yanafika kifundoni. Timu ya kijiji imefungwa saba kwa moja. Kipa anasema jua lilimpiga machoni. Siku hiyo ilikuwa inanyesha.

Jumapili uliponipigia simu kuniambia unatundika daluga, nilikaa kwanza ndipo nikajibu. Miaka kumi na saba ya ubeki wa kushoto: kutoka uwanja wetu wa bata bukini hadi daraja la pili, kisha Hungaria, Polandi, Israeli, na sasa Larnaka. Baba yako alikufuata kwa ramani ya shule aliyoibandika jikoni, akichoma pini kila ulipohama. Kule Polandi alikuweka mji usio wako mwaka mzima, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Uliniomba kitu kimoja tu: ile jezi yako ya timu ya taifa, namba kumi na sita, ya zile dakika nne ulizocheza. Timu yako itakuaga tarehe mbili Juni, na wametenga kabati la kioo la kuiweka. Siku ile hukubadilishana jezi na mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuomba, ndipo ukamletea baba yako. Nami nikakujibu kwenye simu, "Ipo, imekunjwa vizuri, nitaituma." Nilikudanganya, mwanangu. Haipo.

Ilikuwa siku ya arobaini. Unajua desturi: hutolewa nguo kamili, kofia hadi viatu, apewe mwanamume wa rika la marehemu, ili marehemu naye apate cha kuvaa huko aliko. Tulimchagua Toader Cioc, yule dereva wa trekta mstaafu, mwembamba kama mpini wa reki. Mama yako akaniambia, "Shemeji, niletee shati lake jeupe la Jumapili kabatini." Nikalileta. Lilikuwa limekunjwa likawa nene kuliko shati. Nilipoliweka mezani, nikaona ukosi wa njano ukichungulia. Baba yako aliificha humo isiliwe na nondo.

Niliiona, Tibi. Padri alikuwa ameshaanza kufukiza ubani, Toader ameshanyoosha mikono, na muda ulikuwepo wa kuichomoa. Sikuichomoa. Wengine nimewaambia nilipitiwa. Wewe nakuambia ukweli: nilikuwa na kinyongo nawe. Nilijua barabara zilifungwa, nilijua hata ndege hazikutua, lakini mtu aliyebeba jeneza la kaka yake kwenye theluji hafikiri sawasawa. Nilijisemea moyoni, mwenyewe hakuja, basi jezi yake imsindikize.

Juzi, baada ya simu yako, nilikwenda kwa Toader na shati jipya na chupa ya gongo la plamu. Nikamkuta analisha nguruwe, jezi ameivaa.

"Anghel, unataka nimvue ndugu yako?" akaniuliza.

"Nataka jezi, Toader. Shati hili halijavaliwa. Lina vifungo saba."

"Vifungo saba. Mimi hapa nina kumi na sita. Piga hesabu." Akanigeuzia mgongo niione namba vizuri. "Halafu sikia. Katika nguo zote mlizonipa, hii peke yake ndiyo iliyonikaa. Suruali yake naingia mimi na mke wangu. Pasaka nimekwenda nayo kanisani, watu wakaniuliza nacheza upande gani."

"Ni ya mtoto, Toader. Anaihitaji."

"Ilikuwa ya mtoto. Imeombewa, imetolewa, huko juu imeshapokelewa. Ukiichukua, utamwacha kaka yako Neculai kifua wazi, na usiniite nije kushuhudia. Ila hiyo chupa iache, hiyo haina marehemu."

Nikaiacha. Ana haki, na kijiji kizima kiko upande wake. Mama yako hajui lolote. Akimwona Toader anapita barabarani anadhani kajinunulia sweta. Nitamwambia mwenyewe, kabla kengele ya kanisa haijalia Jumapili. Wewe sijui utawaambia nini hao watu wa kabati la kioo.

Ninajifariji hivi. Kama desturi yetu ni ya kweli, basi kaka yangu sasa anatembea huko juu na jezi ya taifa, namba yako mgongoni, akiwasimulia waliomtangulia zile dakika nne, na hakuna anayemkatiza. Kwenye mazishi hukuwepo, lakini kuanzia ile arobaini uko naye kila siku. Nisamehe, au nikasirikie kwanza kisha unisamehe, lakini usinyamaze.

Msalimie mkeo Despina, na mbusu binti yenu. Mama yako anasema vaa fulana hata kama kuna joto. Toader naye anakusalimu sana, na anauliza kama kaptula ya jezi hiyo bado unayo.

Mungu alilinde goti lako, na miguu yote inayoingia na kutoka nyumbani mwako.

Wako akupendaye, hata siku ile alipokukosea,

Baba mdogo Anghel

Nimesahau jambo. Toader aliponigeuzia mgongo nilisoma lebo ya shingoni. Ni saizi ya kati. Baba yako alikuwa na kilo mia moja na kumi na nane.