Maziwa Yaliyokuwa Yakiningoja

Kwa Mama, Buna,
9 Juni 1995

Mpendwa dada yangu Qali,

Assalamu aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Jeddah, pamoja na shemeji na watoto. Je, magoti bado yanakusumbua? Sisi hatujambo, alhamdulillahi.

Tazama tena anwani hapo juu. Naam, niko kwa hooyo. Miaka mitatu umenigombeza kwamba mama anazeeka akiningoja, nami nikijibu kwamba kampuni yetu ya maziwa pale Garissa haiachiki. Sikukudanganya. Maziwa ya ngamia ya kila mtungi uliokwenda Nairobi, ilikuwa lazima niyaonje kwanza, maana wenzangu waliuamini ulimi wangu tu.

Akaja mshauri wa biashara, Bwana Kulow. Nilidhani atatupa hotuba. Kumbe alikaa juu ya mtungi mtupu kutwa nzima, akitutazama tu, mpaka akanikera. Jioni akasema maziwa yetu hayachachi kwa jua. Yanachacha yakiningoja mimi nimalize swala, nirudi kutoka sokoni, nitoke kumwona mgonjwa. Nilikasirika, Qali. Nusura nimfukuze.

Kisha akataka niwafundishe wenzangu wawili, Arbia na Ramlo, kuonja. Nikashindwa, kwa sababu jambo lile sijawahi kulitia katika maneno. Akaniuliza polepole: unanusa nini kwanza? Moshi tuliofukizia mtungi. Halafu? Basi tukaenda hivyo hivyo. Walikosea, wakarudia, hadi siku moja Ramlo akayakataa maziwa ya shangazi yake mwenyewe, shangazi akiwa amesimama pale pale. Hapo nikajua wameiva.

Ndipo Kulow akaniambia niondoke kabisa, nisikae hata karibu. Nikapanda lori la mifugo lililokuwa likirudi tupu.

Jana dereva wa lori aliniletea maneno ya Arbia: "Abaayo, dada yangu, maziwa nafika Nairobi sawa. Wewe kaa na mama, usirudi mbio." Nilifurahi, na iliniuma kidogo pia. Nilitarajia watanililia.

Nisalimie shemeji Yahye na unibusie mwanao mdogo Ebla. Hooyo anakuombea kila swala, Mungu akulinde ugenini na akurudishe salama.

Hooyo amekonda, lakini anacheka. Habari za kampuni hajaniuliza hata mara moja. Leo asubuhi alinipa kikombe cha maziwa, nikanywa chote, ndipo nikakumbuka kwamba sikuonja.

Mdogo wako akupendaye daima,
Rukiyo